Kazi za Mikono Nyumbani: Ndege Juu ya Sitaha

Miongoni mwa kazi zinazofaa kufanywa na mzazi pamoja na wanawe wakati wa likizo, kuunda mfano mdogo wa tukio la kihistoria kuna manufaa ya pekee, kwani humlazimu muundaji kuuliza kila hatua: jambo hili lilikuwaje hasa? Wiki hii tumechagua tukio la tarehe 2 Agosti 1917, siku ambayo ndege ilitua kwa mara ya kwanza juu ya manowari iliyokuwa ikienda.

Mahali ni Scapa Flow, katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti. Manowari ni HMS Furious ya Uingereza, na rubani ni Edwin Dunning, kijana wa miaka 25. Ndege yake, Sopwith Pup, ilikuwa na mabawa mawili yaliyopandana, kiunzi cha mbao kilichovikwa kitambaa, na injini ya nguvu za farasi 80. Furious ilikuwa imeondolewa mzinga wa omo, ikawekewa mahali pake sitaha ya kurushia ndege yenye urefu wa karibu mita 70. Kuruka kutoka melini kulikuwa kumekwisha kuwezekana. Kurudi ndiko kulikokuwa na mashaka, na rubani aliyekuwa mbali na nchi kavu hakuwa na budi ila kutua majini na kungoja kuokolewa.

Tuanze na vipimo. Katika uwiano wa 1 kwa 72, mabawa ya Pup huwa na upana wa sentimita 11 hivi, na mtu mzima hupata milimita 24. Sitaha nzima ingekaribia mita moja, nayo meza za nyumbani hazina nafasi hiyo. Basi tuunde kipande cha sentimita 40, kuanzia nyuma ya sitaha. Vijiti vyembamba vilivyopigwa msasa na kupangwa kwa urefu vitatosha kuwa mbao. Kwa nyaya za mabawa, uzi wa cherehani ni mnene mno, utaonekana kama amari. Tafuta uzi wa nailoni mwembamba kuliko yote iliyopo.

Usiache kuunda mnara wa nahodha nyuma ya sitaha, hata kama ni ukuta wa kadibodi tu. Bila huo, mtazamaji hatafahamu ugumu wa kazi. Dunning hakuweza kuja moja kwa moja kutoka tezi, kwa kuwa mnara na bomba la moshi vilimziba. Ilimbidi aruke ubavuni mwa meli, aupite mnara, kisha ateleze kwa upande hadi juu ya sitaha.

Sasa upepo. Watu wa pwani wanajua kwamba upepo haukosewi katika picha ya chombo. Furious ilikwenda kwa kasi ya karibu kilomita 48 kwa saa, ikikabili upepo wa karibu kilomita 39. Kwa hiyo juu ya sitaha ulivuma upepo wa kilomita 87 kwa saa, na ndege ile nyepesi, ikiukabili, ilisogea polepole mno kwa macho ya waliosimama pale. Bendera, moshi na nguo za mabaharia sharti zote zielekee tezi. Kimoja kikielekea kwingine, mfano wote umeharibika.

Roho ya tukio, hata hivyo, ni mikono. Pup haikuwa na breki, wala sitahani hapakuwa na kamba za kuinasa. Ilikuwa imefungwa vitanzi vya kushikia, na maafisa wakakimbia wakavidaka na kuivuta chini. Waundaji wengi hutia bidii yote katika ndege, kisha wakawapachika watu kando kama waliokuja kutazama. Lakini waondoe watu hao, na ndege haina kinachoizuia kupeperuka. Wape miguu iliyojikaza na mikono iliyonyoshwa juu.

Lipo swali ambalo mtoto atauliza: baadaye ikawaje? Asidanganywe. Tarehe 7 Agosti Dunning alijaribu tena. Katika jaribio la mwisho injini ilisita, tairi likapasuka, na ndege ikaanguka baharini upande wa kulia. Dunning alikufa maji. Majaribio ya kutua kwenye sitaha ile yalisitishwa, na mabaharia wakakubali yaliyokuwa wazi: mnara usikae katikati ya njia ya ndege. Mwaka 1918 ikaingia kazini HMS Argus, yenye sitaha tambarare tangu omo hadi tezi.

Kwa sababu hiyo twashauri kibao cha chini ya mfano kiandikwe tarehe zote mbili, 2 na 7 Agosti. Mfano wenye tarehe ya kwanza peke yake humfundisha mtoto kushangilia. Ukiwa na zote mbili, humfundisha kwamba njia ambayo wengine huipita salama ilikuwa na mtu aliyeipita kwanza, na kwamba hata siku aliyofaulu hakufaulu peke yake.