Mita 100 Zisiwe Kipimo Pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya namna tunavyowachagua wanariadha mashuleni.

Nilikuwa mwalimu wa michezo kwa miaka mingi. Siku ya mchujo tuliwapanga watoto, tukapuliza filimbi, wakakimbia mita 100. Watatu wa mbele waliandikwa majina. Waliobaki waliambiwa hawana mbio. Mmoja wa niliowaacha alikuwa kijana aliyekuja shule kila asubuhi akikimbia kutoka kijiji cha mbali, na akifika wala hahemi. Sikuwahi kumjaribu katika mbio ndefu. Alimaliza shule bila kukimbia hata shindano moja. Kosa lile ni langu, nami nalijutia.

Ndugu Mhariri, mbio fupi na mbio ndefu ni kazi mbili tofauti. Katika mita 100 misuli hutumia zaidi nguvu iliyokwisha wekwa akiba ndani yake. Katika marathoni kazi kubwa ni ya moyo na mapafu, kupeleka oksijeni kwenye misuli kwa muda mrefu. Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009. Kelvin Kiptum wa Kenya alimaliza marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, yaani wastani wa sekunde 17 hivi kwa kila mita 100. Sekunde 17 wanafunzi wengi wanaziweza. Lakini nani ataziweza zaidi ya mara 420 mfululizo?

Hapa kwetu, Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989. Hakuna hata mmoja wao aliyepata sifa hiyo kwa mita 100.

Sisemi kwamba kasi haina kazi katika mbio ndefu. Mwezi Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alipata medali ya dhahabu ya dunia katika marathoni. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda ule ule, saa 2:09:48, na picha ndiyo iliyoamua. Kilomita 42 ziliishia kwenye mbio za hatua chache! Lakini kwanza ilibidi afike pale akiwa na nguvu.

Nawaomba walimu wenzangu na kamati za michezo wawajaribu watoto kwa mita 100, kwa mita 800, na kwa mbio ndefu zinazolingana na umri wao, tena kwa siku tofauti. Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji saa ya mkononi, njia ya kijijini na mwalimu mwenye subira.

Mwalimu Mstaafu,
Singida.