Acheni Kununua RAM kwa Gigabaiti Pekee

"RAM ni RAM, wewe angalia gigabaiti." Kauli hii utaisikia Kariakoo, utaisikia Luthuli Avenue jijini Nairobi, utaisikia kwa fundi wa mtaani na kwa kijana aliyejinyima miezi mingi ili ajenge kompyuta ya kuchezea gemu. Inatamkwa kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Ni kauli potofu, na wanaoilipia ni watu ambao hawana shilingi ya kupoteza. Ukikosea kuchagua kasha la kompyuta, utakaa na kasha baya, basi. Ukikosea RAM, kompyuta inaweza kugoma kuwaka, au ikawaka kisha ikazimika katikati ya mechi. Na kuna kosa baya kuliko yote hayo: mashine kufanya kazi miaka mitatu chini ya uwezo wake huku mwenyewe akiilaumu kadi ya grafiki.

Tuanze na RAM kuingia kwenye bodi. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, na ukizishika mkononi zinafanana. Hata hivyo, ule mkato wa chini uko mahali tofauti, kwa hiyo kipande cha DDR5 hakiingii kwenye nafasi ya DDR4 hata ukikisukuma kwa nguvu zako zote, na ukisukuma sana utavunja kitu. Umeme wake nao si mmoja: kiwango rasmi cha DDR4 ni volti 1.2, cha DDR5 ni volti 1.1. Prosesa kama Ryzen 5 5600 inakaa kwenye bodi za AM4, na hizo ni za DDR4 tu. Ryzen za mfululizo wa 7000, zilizotoka Septemba 2022, zinataka DDR5 na hazikubali nyingine. Kwa upande wa Intel, vizazi vya 12, 13 na 14 vinakubali aina zote mbili, ila bodi uliyonayo ndiyo inayoamua. Mteja anayefika dukani na kusema "naomba RAM ya GB 16 ya Core i5 kizazi cha 12" anauliza swali lisilo na jibu mpaka aitaje bodi. Muuzaji anayempa kipande bila kumuuliza bodi yake ni ipi hajamhudumia.

Halafu kuna RAM za seva. Zinauzwa zikiwa zimetumika, GB 32 kwa bei inayovutia macho, na kwa umbo ni rahisi kuzichanganya na za kawaida. Zile zilizoandikwa RDIMM haziwashi bodi ya kawaida ya nyumbani. Na vile visanduku vidogo vya ofisini, vinavyokaa nyuma ya skrini, vingi vinatumia RAM fupi za laptopu. Ukihesabu gigabaiti peke yake, hayo yote huyaoni.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu hapa mtu ameshanunua kitu kizuri na bado hakitumii. Kila kipande cha RAM kina chipu ndogo inayoiambia bodi kasi zake. Kompyuta ikiwashwa mara ya kwanza, bodi huchagua kasi ya kawaida iliyo salama kwa kila mashine. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 kwenye boksi mara nyingi itaamka ikiwa 2133, au 2400, au 2666. Kasi ya kwenye boksi imehifadhiwa katika wasifu wa pili, ambao Intel waliuanzisha mwaka 2007 kwa jina la XMP. AMD nao wakaleta wa kwao, EXPO, mwaka 2022. Wasifu huo haujiwashi. Lazima mtu aingie BIOS, auchague, ahifadhi, kompyuta ijizime na kuwaka upya. Ni kazi ya dakika chache, na kompyuta nyingi za gemu zinakabidhiwa kwa wateja bila kazi hiyo kufanywa. Fungua Task Manager yako leo, ingia sehemu ya kumbukumbu, usome kasi iliyoandikwa hapo. Ikiwa ulilipia 3200 na unaona 2133, theluthi moja ya kasi uliyoilipia imelala.

Wapo wanaojua na bado hawaiwashi, kwa kuambiwa kwamba ovakloki, yaani kupita kasi rasmi, inaunguza kompyuta. Ni kweli kwamba XMP na EXPO ni ovakloki. Watengenezaji wa prosesa wenyewe wanasema hivyo. Lakini ni ovakloki iliyopimwa kiwandani kwa kipande hicho hicho, na kwa DDR4 kwa kawaida ni kupandisha volti kutoka 1.2 hadi 1.35. Anayekukataza kuiwasha huku amekuuzia RAM ya 3600 amekuuzia nambari.

Na nambari yenyewe ina mipaka inayowekwa na bodi na prosesa. Core i5-10400 ikiwa kwenye bodi ya H410 au B460 haivuki 2666, hata ukiipa RAM ya 3600. Bodi za H610 nazo haziruhusu RAM kupita kasi rasmi ya prosesa. Mwenye bodi ya namna hiyo akinunua RAM ya bei ghali yenye taa za rangi, ametoa pesa kwa ajili ya taa. Kwenye Ryzen 5000 kuna mpaka wa aina nyingine: ndani ya prosesa kuna njia inayounganisha sehemu zake, na njia hiyo huenda sambamba na RAM vizuri mpaka 3600 au juu yake kidogo. Ukivuka hapo, prosesa nyingi hushindwa kwenda sambamba na RAM, zinapokezana kwa mwendo wa nusu, na RAM ya 4000 inaweza kukupa gemu nzito kuliko ile ya 3600. Kwa Ryzen 7000, AMD wenyewe walitaja 6000 kuwa ndiyo kasi inayofaa zaidi.

Nambari kubwa pia inaficha muda wa kusubiri. RAM ni kama kuli wa bandarini: kuna magunia anayobeba kwa safari moja, na kuna muda anaochukua kabla ya kuinua gunia la kwanza. Muda huo wa pili unafichwa kwenye herufi CL. Chukua CL, zidisha kwa 2000, gawanya kwa kasi, upate nanosekunde. DDR4 ya 3200 yenye CL16 ni nanosekunde 10. DDR5 ya 6000 yenye CL30 nayo ni 10 kamili. DDR5 ya 4800 yenye CL40 ni karibu 16.7! Aliyeacha DDR4 nzuri akakimbilia DDR5 ya bei rahisi kwa sababu 4800 ni kubwa kuliko 3200 amepata magunia mengi zaidi, lakini kila ombi linasubiri zaidi, na gemu nyingi zina maombi madogo madogo yasiyokwisha.

Hata mwenye kasi sahihi anaweza kuharibu kila kitu kwa kuweka kipande kimoja. Kipande kimoja cha DDR4 ya 3200 kinapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili vikiwa kwenye njia mbili za kumbukumbu vinapitisha 51.2. Mwenye kadi kubwa ya grafiki anaweza asiione tofauti hiyo katika kila gemu. Lakini hapa kwetu wako vijana wengi wanaocheza kwa grafiki iliyo ndani ya prosesa, mfano Ryzen 5 5600G, kwa kuwa kadi ya grafiki haishikiki kwa bei. Grafiki hiyo haina kumbukumbu yake. Inaazima RAM, na inagombania njia hiyo hiyo na prosesa. Kumuuzia kijana huyo kipande kimoja cha GB 16 badala ya viwili vya GB 8 ni kumkata miguu. Gigabaiti ni zile zile, mashine ni mbili tofauti kabisa.

Viwili hivyo vinunuliwe pamoja, kwenye boksi moja. Kampuni inaweza kubadilisha chipu ndani ya RAM yenye jina lile lile, na chipu duniani zinatoka hasa kwa Samsung, SK Hynix na Micron, kila moja na tabia zake. Kipande ulichonunua mwaka jana na cha mwaka huu vinaweza kufanana nje na kukataana ndani. Bodi ikiwa na nafasi nne, viwekwe nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, isipokuwa kitabu cha bodi kiseme vinginevyo. Na usidanganyike kuzijaza zote nne kwenye DDR5: kwa Ryzen 7000, kasi rasmi ya vipande viwili ni 5200, ya vipande vinne inashuka hadi 3600. Anayetaka GB 32 anunue viwili vya 16.

Wanaotetea gigabaiti wana hoja moja ya kweli. RAM ikijaa, Windows hukimbilia diski, na hapo hakuna CL wala XMP itakayokuokoa na kukwama-kwama. GB 8 hazitoshi tena kwa gemu kubwa za sasa. 16 ndiyo pa kuanzia, 32 ndiyo pa kutulia. Pia anayecheza kwa 4K, ambako mzigo wote uko kwenye kadi ya grafiki, au mwenye Ryzen 7 7800X3D yenye megabaiti 96 za akiba ndani ya prosesa, hatapata faida kubwa kwa kasi ya RAM. Nakubali yote hayo. Lakini hiyo ni sababu ya kuujua ukubwa unaokutosha, kisha uanze kuuliza yanayobaki.

Baada ya XMP, anayetaka kusogea mbele kidogo asogee kwa adabu. Abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati, iwe ni kasi au CL, kisha apime. Kuona Windows imewaka si kipimo. RAM yenye kosa dogo itawaka, itafungua gemu, na taratibu itaharibu mafaili ya mfumo na maendeleo ya gemu uliyohifadhi. Pima kwa MemTest86, ni ya bure, iache ifanye kazi usiku kucha. Ikitokea kosa hata moja, rudi nyuma. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa apime tena mchana wa joto, kwa sababu RAM ni nyepesi kukosea ikipata moto, na iliyotulia saa tisa usiku inaweza kuyumba saa nane mchana chumba kikiwaka. Ukizidisha na skrini ikabaki nyeusi, usitoke mbio kwenda kwa fundi. Kwanza ngoja: bodi za AM5, zile za Ryzen 7000, zinaweza kuchukua dakika kadhaa kuisoma DDR5 mara ya kwanza. Ikishindikana kabisa, futa mipangilio ya BIOS kama kitabu cha bodi kinavyoeleza, na mashine itarudi kasi ya kawaida.

Volti usizichezee kwa kubahatisha. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000X3D ziliungua, na AMD wakalazimika kuweka ukomo wa volti 1.3 kwenye sehemu ya prosesa inayohudumia RAM, kwa njia ya BIOS mpya. Kwa hiyo sasisha BIOS kabla ya kuwasha EXPO, na uifanye kazi hiyo ukiwa na UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kusasisha, bodi inaweza kufa.

Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda vibaya duniani, kwa kuwa vituo vya akili unde vinanunua chipu kwa wingi. Kosa lililokuwa la kusameheka sasa ni fedha nyingi. Ninyi wauzaji, andikeni kwenye risiti aina, kasi, CL na idadi ya vipande, na washeni XMP kabla ya kumkabidhi mteja mashine yake. Nawe mnunuzi, kabla hujatoa pesa, fungua tovuti ya mtengenezaji wa bodi yako, tafuta orodha ya RAM walizozipima, uipige picha, nenda nayo dukani. Muuzaji akikuambia RAM ni RAM, nunua kwa jirani yake.