Kuwaka Siyo Kipimo: Kagua Terminali Kabla Hujaposti

Leo naongea na sisi tunaouza vifaa vya umeme vya mtumba mtandaoni: majiko ya umeme, pasi, majagi ya kuchemshia maji, oveni. Chini ya picha wengi tunaandika, "Kimejaribiwa, kinawaka." Msimamo wangu ni huu: kuwaka peke yake siyo kipimo, na tukiendelea kuuza kwa maneno hayo tutapoteza wateja wetu wenyewe.

Jiko linaweza kuwaka mbele yako dakika moja, ukalipiga picha, ukalifunga, ukalipakia kwenye basi, halafu likaanza kunuka plastiki jikoni kwa mteja wiki ya pili. Mara nyingi koili inakuwa nzima. Kilichoungua ni terminali, yaani kile kibati kidogo kinachobanwa kwenye ncha ya waya na kuchomekwa kwenye ulimi wa koili au swichi. Bei yake haifiki ya soda, lakini inaweza kukupotezea jina, na mteja ikampotezea nyumba.

Nieleze kwa nini. Jiko la wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 linavuta karibu ampea 9. Terminali ikilegea au ikishika kutu, pale kwenye mguso panatokea ukinzani. Hata ukinzani mdogo wa omu 0.1 unatoa joto la wati 8 hivi, na joto lote hilo limekaa kwenye kibati kidogo kuliko ukucha. Kibati kikipata joto kinazidi kulegea, kikilegea kinazidi kupata joto. Mwisho ganda la waya linayeyuka.

Na usitegemee fyuzi ya ampea 13 iliyo kwenye plagi. Fyuzi inakatika umeme ukipita mwingi kupita kiasi. Terminali iliyolegea haiongezi umeme, inaongeza joto tu. Kwa hiyo fyuzi inakaa nzima huku waya unaungua.

Sasa tunakagua vipi? Mimi nafanya hivi kwa kila kifaa kinachotoa joto.

Kwanza nakiwasha kwa nguvu yote dakika 15. Jagi linakuwa na maji, na jiko linakuwa na sufuria ya maji juu yake. Nanusa. Kisha nazima, nachomoa, nashika plagi. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono, kuna shida. Narudia kwenye soketi nyingine iliyo nzima: plagi ikiendelea kuwa ya moto, tatizo ni la plagi, ikipoa, tatizo ni la soketi yangu. Hapo wengi wanakosea, wanabadilisha plagi nzima kumbe soketi ndiyo iliyolegea.

Pili, kifaa kikiwa kimechomolewa na kimepoa, nafungua kava na kutazama. Terminali nzima inang'aa. Iliyoungua inakuwa nyeusi au ya bluu-bluu, plastiki yake imekuwa kahawia, waya wake umekauka na kukakamaa. Naivuta taratibu kwa vidole. Ikichomoka kirahisi, imelegea.

Tatu, napima kwa mita, kifaa kikiwa bado kimechomolewa na swichi ikiwa kwenye moto wa juu. Kati ya pini mbili za umeme za plagi, jiko la wati 2000 lisome karibu omu 26. Natikisa waya huku natazama namba. Ikirukaruka au kupotea, mguso ni mbovu. Kisha napima pini ya ethi na bodi ya chuma: isome karibu na sifuri. Pini ya umeme na bodi: isisome kitu kabisa. Ikisoma, kifaa hicho hakiuzwi, kitampiga mtu shoti. Ila mjue kwamba mita ya kawaida haioni vizuri ukinzani mdogo kama ule wa omu 0.1, ndiyo maana kutazama kwa macho hakuachwi.

Kubadilisha ni kazi ya dakika chache. Kata waya hadi ufike shaba inayong'aa, menya kiasi cha milimita 6 au 7, vesha terminali mpya ya upana uleule (iliyozoeleka ni milimita 6.3), na ubane kwa plaizi ya kubania terminali. Vuta: ikitoka, rudia. Usichomelee kwa risasi sehemu yenye joto kali, kwa sababu risasi ya kawaida inaanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183 hivi. Soksi ya plastiki pia haifai karibu na koili, tumia ile ya kuhimili joto. Na ulimi wenyewe ukiwa umeungua na kuliwa, badilisha kifaa chenye ulimi huo. Terminali mpya kwenye ulimi mbovu itaungua tena.

Kusokota waya na kuzungushia tepu nyeusi siyo matengenezo. Ni kuficha ushahidi.

Najua kuna atakayesema, "Mimi muuzaji, siyo fundi." Sawa kabisa. Basi mlipe fundi akague mzigo mzima kwa pamoja, na gharama iingie kwenye bei. Muuza samaki siyo mvuvi, lakini samaki aliyeoza anamjua. Nasi tujue walau kunusa na kutazama. Na oveni ya maikrowevu usiifungue kama hujasomea, maana kapasita yake inaweza kubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa.

Mwingine atasema, "Nikiandika kwamba kilitengenezwa, mteja atakimbia." Wapo watakaokimbia, sikatai. Lakini fikiria upande wa pili. Mama mmoja anayepika maandazi Morogoro aliniandikia kwamba jiko alilonunua kwa muuzaji mwingine linazimika lenyewe. Alishanunua ekstensheni mpya, akabadilisha na soketi, jiko likaendelea vilevile. Nilimwomba alipeleke kwa fundi na anitumie picha ya ndani. Waya ulikuwa umesokotwa na tepu, tepu imeyeyuka. Alipoteza siku nne za biashara. Yule muuzaji alishapata faida yake, ila mama yule na majirani zake hawanunui kwake tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo napendekeza tubadilishe maandishi yetu. Badala ya "kinawaka", andika: "Jiko la mtumba, wati 2000. Limewashwa dakika 15, plagi haipati moto. Terminali moja imebadilishwa, picha ya ndani ipo. Ethi imepimwa." Weka picha ya ile ya zamani na ile mpya. Tangu nianze kuandika hivi, maswali ya "halitaniharibikia?" yamepungua inboksi, na ninaobishana nao bei ni wachache, kwa sababu mteja anaona analipia nini.

Sisi hatuna duka la kioo wala jina kubwa. Mteja anatuma hela kwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Kitu pekee kinachomfanya arudi ni kukuta ndani ya boksi kile ulichoandika nje.

Wewe unauza vifaa gani, na huwa unakagua nini kabla ya kuposti? Andika hapo chini tujifunze. Na kama una mwenzako anayeuza pasi na majiko, mtumie asome.