Majani Hayatalipa Deni la Kiwanda

LUBUMBASHI – Eneo la Penga Penga liko upande ambako upepo ulipeleka moshi wa kiwanda cha shaba tangu 1911. Miti ilikufa, nyasi zikafuata, mvua ikabeba udongo wa juu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu huko kurudisha nyasi kwa kutia chokaa na mbolea ya takataka zilizooza, na kuna nyasi zilizoshika. Wenyeji wa mitaa ya karibu nao walichimba mashimo, wakatia chokaa na mbolea hiyo hiyo, wakapanda miti. Leo wengine wana kivuli mbele ya nyumba. Wanaocheka kwamba majani hayawezi kitu waende wakaone.

Lakini kuna watu wanaochukua habari hii nzuri na kuigeuza uongo: pandeni miti, sumu itakwisha. Haitakwisha. Shaba, kobalti, risasi na kadimiamu haviozi kama kinyesi au majani. Vinahama tu. Mmea unaweza kuvishika chini kwa mizizi, vumbi lisiruke na mvua isivipeleke mtoni. Au unaweza kuvivuta hadi kwenye majani, na hapo lazima mtu akate majani hayo, ayapeleke mbali, arudie hivyo miaka mingi sana. Hata lile ua la shaba la Katanga, ambalo wachimbaji wa zamani walilifuata ili kupata madini, lilisifiwa kupita kiasi. Watafiti walipochunguza tena mimea ya shaba, waliona kwamba vipimo vingi vya zamani vilihesabu pia vumbi lililokaa juu ya majani.

Kwa familia iliyokimbia vita Mitwaba, Pweto au Manono, tofauti hii si maneno ya darasani. Mkimbizi hapewi shamba zuri. Anapata kipande ambacho mwenyeji hakitaki: bonde la mto unaopokea maji ya viwanda, au pembeni ya ukuta wa kiwanda chenyewe. Anapanda lengalenga kwa sababu inakomaa kwa wiki chache na sokoni inauzwa haraka. Na lengalenga ni katika mboga zinazovuta kadimiamu vizuri. Kumwambia mama huyo kwamba mmea unasafisha udongo, bila kumwambia uchafu unaenda wapi, ni kuwafanya watoto wake kuwa chujio.

Na maji ni hivyo hivyo. Mbegu za moringa zikisagwa zinatuliza tope, hilo ni kweli. Maji yanaonekana meupe. Bado yanahitaji kuchemshwa kwa ajili ya vijidudu, na kuchemsha hakutoi madini hata kidogo. Maji yakipungua kwenye sufuria, madini yanabaki humo humo.

Kinachosaidia kinajulikana. Chokaa inapunguza ukali wa udongo, shaba inashikamana na udongo badala ya kuyeyuka katika maji yanayonywewa na mizizi. Mbolea ya takataka zilizooza inafanya kazi kama hiyo. Kuosha mboga vizuri kunatoa vumbi, ingawa hakutoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Ila mfuko wa chokaa unanunuliwa kwa pesa, na familia inayotafuta unga wa bukari ya jioni haitanunua chokaa ya kutengeneza uharibifu wa mwingine.

Nani anunue? Sheria ya Migodi, ilivyorekebishwa 2018, inasema wazi kwamba mwenye haki ya mgodi anatengeneza madhara ya kazi yake kwa watu, mali na mazingira, hata kama hakufanya kosa. Sheria hiyo hiyo inataka asilimia 0,3 ya mauzo iende kwa maendeleo ya wenyeji. Hayo ni mambo mawili. Miche iliyonunuliwa kwa 0,3 na kupandwa mbele ya kamera si malipo ya shamba lililoharibiwa.

Novemba 2025, maji machafu ya kiwanda cha CDM yalipomwagika katika mitaa ya Lubumbashi, Waziri wa Migodi aliisimamisha kampuni hiyo kwa miezi mitatu. Kusimamisha kiwanda hakusafishi bustani. Udongo wa kila bonde linalolimwa upimwe, na majibu yasomwe redioni kwa Kiswahili, si kufungiwa kwa Kifaransa katika ofisi. Pale ambapo vipimo ni vibaya mno, mboga zisipandwe tena. Pawekwe nyasi na miti isiyoliwa, na aliyelima hapo, awe mwenyeji au mkimbizi asiye na karatasi ya shamba, apewe sehemu nyingine. Pale ambapo bado kuna tumaini, chokaa na mbolea ziletwe kwa gharama ya aliyechafua.

Na ziletwe mapema. Mvua za Lubumbashi zinaanza Oktoba au Novemba. Chokaa ikifika Januari, lengalenga itakuwa imekwisha kuuzwa na kuliwa.