UCHAMBUZI: Bastola bila daftari hupotea bila habari

Kila bastola inaponaswa mikononi mwa mhalifu, swali la kwanza la wapelelezi huwa ni lile lile: silaha hii imetoka wapi? Jibu huanzia kwenye herufi na nambari ndogo zilizopigwa juu ya chuma.

Historia ya bastola za mfukoni zilizoundwa barani Ulaya inathibitisha kwamba alama hizo zinaweza kufichua mengi. Inathibitisha pia kwamba alama pekee, pasipo daftari la kuzifasiri, ni bubu.

Nchini Ubelgiji, kiwanda cha FN kilichoanzishwa mwaka wa 1889 mjini Herstal, karibu na Liège, kilitengeneza zaidi ya bastola 700,000 za muundo wa 1900, uliobuniwa na Mmarekani John Browning.

Kabla ya kuuzwa, silaha ilipelekwa Liège na kufyatuliwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida, ili kuhakikisha mtutu hautapasuka. Iliyofaulu ilipigwa muhuri wa herufi ELG, zilizozungushiwa umbo la yai lenye taji juu yake.

Mnamo Juni 28, 1914, Gavrilo Princip alimuua Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria, mjini Sarajevo. Mauaji hayo ndiyo yaliyowasha moto wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Kwa miaka mingi, vitabu vilidai kwamba muuaji alitumia bastola ya muundo wa 1900. Nambari 19074 ndiyo iliyokata mzizi wa fitina. Silaha hiyo ilikuwa ya muundo wa 1910, na kumbukumbu za kiwanda zilionyesha kuwa ilipelekwa kwa wakala mjini Belgrade mnamo Desemba 1913. Tangu 2004, imekuwa katika makumbusho ya kijeshi mjini Vienna.

Lau daftari la kiwanda lingalipotea, nambari hiyo ingalibaki mikwaruzo tu juu ya chuma.

Alama hubeba pia siasa za zama zake. Bastola za Beretta za muundo wa 1934, kutoka Italia, zilipigwa mwaka wa kawaida, kisha nambari ya Kirumi iliyohesabu miaka ya utawala wa Mussolini tangu 1922. Bastola yenye alama ya 1937 XV, kwa mfano, iliundwa katika mwaka wa 15 wa utawala huo.

Nchini Ujerumani nako, muhuri wa majaribio uliokuwa taji juu ya herufi N uligeuzwa kuwa tai juu ya herufi hiyo enzi za Hitler.

Hata hivyo, jina lililo kwenye chuma halielezi yote. Baada ya vita, kiwanda cha Walther cha Zella-Mehlis kiliangukia upande wa Wasovieti, na kampuni hiyo ikahamia Ulm. Manurhin ya Ufaransa ilianza kuunda bastola za Walther kwa leseni mwaka wa 1952. Hivyo basi, kuna silaha zenye jina la Ulm ambazo sehemu zake zilitoka Ufaransa.

Mfano mchungu zaidi ni wa Mahatma Gandhi, aliyeuawa Januari 30, 1948, kwa Beretta nambari 606824. Muuaji aliipata mjini Gwalior siku mbili tu kabla ya kitendo hicho. Jinsi ilivyotoka Italia hadi India ni suala linalobishaniwa hadi leo. Nambari ipo, mnyororo wa hati ndio uliokatika.

Funzo hili linatuhusu. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004, inayataka mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuweka alama kwenye kila silaha inapoundwa au kuingizwa nchini, na kutunza kumbukumbu zake.

Sharti la kwanza huvutia kamera, kwa kuwa mashine ya kupiga alama huonekana. La pili ni kazi ya kimyakimya ya karani: kuandika nani alikabidhiwa, lini, na nani alirithi mwenye silaha alipofariki au kustaafu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya dukani ikipotea, hasara ni ya mwenye duka. Bastola ikipotea, hasara ni ya yeyote atakayekutana nayo.