Utunzaji wa wanyama usomewe chuoni

Ningependa kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi tunaoishi jirani na wanyama hatulizungumzi vya kutosha. Jambo lenyewe ni elimu ya kutunza wanyamapori wanaowekwa katika bustani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Bagamoyo. Kaskazini yetu ipo Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyopata hadhi hiyo mwaka 2005, ambako wanyama wa porini hufika mpaka ufukweni mwa Bahari ya Hindi. Watoto ninaowafundisha humjua ngiri na nyani kabla hawajajua kusoma. Lakini nikiwauliza ni kazi gani mtu anaweza kufanya na wanyama, majibu ni mawili tu: kuwa askari mwenye bunduki au dereva wa watalii. Nilipomweleza mzazi mmoja kwamba binti yake, ambaye anapenda sana viumbe, angeweza siku moja kusomea utunzaji wa wanyama, alinijibu: "Mwalimu, mtoto asome miaka yote hiyo aje kumlisha nyani ndizi?"

Mzazi huyo hakusema peke yake. Wengi wetu tunadhani kazi ya bustani ya wanyama ni kutupa majani na kufagia. Kumbe mnyama wa porini akiugua huficha ugonjwa wake mpaka amezidiwa, kwa sababu porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa. Mtunzaji hana budi kumtambua kwa kinyesi chake, kwa chakula alichobakiza na kwa namna anavyosimama. Anapaswa kupima chakula, kumtenga mnyama mgeni kabla ya kumchanganya na wenzake, kuandika nani kazaa na nani ili ndugu wasizaliane, na kuhakikisha mlango mmoja umefungwa kabla ya kufungua wa pili. Akikosea, mnyama hufa au hufa yeye mwenyewe. Kazi ya namna hiyo haifai kuachiwa kibarua aliyeokotwa barabarani.

Natoa mfano wa hapa hapa nchini. Mwaka 1996 katika bonde la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, waligunduliwa vyura wadogo sana wa rangi ya manjano ambao hawatagi mayai bali huzaa vitoto vilivyokamilika. Hawakuwapo mahali pengine popote duniani. Waliishi kwa manyunyu ya maporomoko ya mto huo. Maji yalipochepushwa mwaka 2000 kwa ajili ya umeme, ambao taifa liliuhitaji, manyunyu yakapungua. Yalitandazwa mabomba ya kunyunyizia maji, na vyura wapatao 500 wakachukuliwa kupelekwa katika bustani za wanyama nchini Marekani.

Mwaka 2003 vyura waliobaki Kihansi walikufa karibu wote, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa wametoweka kabisa porini. Hata huko Marekani wengi walikufa mwanzoni. Lakini watunzaji wa bustani za Bronx na Toledo walijifunza polepole mwanga unaowafaa, unyevu wanaouhitaji na wadudu wadogo wanaowaweza, na vyura wakaongezeka hadi maelfu. Agosti 2010 vyura 100 walirudi nyumbani na kuwekwa katika kituo maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi.

Ndugu Mhariri, chura yule hakuokolewa na bunduki wala uzio. Aliokolewa na watu waliosomea kumtunza. Swali langu ni moja: mpaka lini viumbe wetu wavuke bahari kwenda kumtafuta mtunzaji?

Nchi yetu haikulala katika elimu hii. Mwaka 1961 kule Arusha, Mwalimu Nyerere alisema wazi kwamba uhifadhi wa wanyama unahitaji ujuzi maalumu, watu waliofunzwa na fedha. Mwaka 1963 kikafunguliwa chuo cha Mweka, na mwaka 1966 kile cha Pasiansi, Mwanza. Vyuo hivyo vimetuletea sifa, na Mweka imefundisha vijana wa nchi nyingi za Afrika. Uzito wake mkubwa umekuwa juu ya mnyama aliye porini, na hiyo ni haki. Lakini tunaye pia mnyama aliye mikononi mwetu. Kisiwa cha Saanane kilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964, kabla hakijawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Leo zipo bustani za Tabora na Ruhila, Songea, chini ya TAWA, na zipo za watu binafsi. Wapo pia tembo yatima, na wapo kobe na kakakuona wanaokamatwa mikononi mwa walanguzi.

Wapo wanaosema mnyama asifungwe kabisa. Hoja yao ninaielewa, maana bustani mbovu ni jela. Lakini yule ambaye hawezi tena kurudi porini, nani amtunze kama hatusomeshi watunzaji?

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo. Kwanza, vyuo vyetu viupe utunzaji wa wanyama wa bustanini nafasi kubwa zaidi, kuanzia cheti mpaka shahada, na wanafunzi wafanye mazoezi ya vitendo Tabora na Ruhila. Pili, kila mwenye kibali cha kuweka wanyamapori alazimike kuwa na mtunzaji aliyesomea kazi hiyo. Tatu, vijana wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wafikiriwe kwanza katika ufadhili, maana wao ndio wanaoliwa mazao na wanyama hao hao.

Nne, sisi walimu tusingoje Wizara. Elimu ya Kujitegemea ilitufundisha tangu 1967 kwamba shamba na banda la shule ni darasa. Banda la kuku likiwa na daftari la chakula, la magonjwa na la vifaranga, mtoto ameanza somo hilo. Na kwa kuwa tangu 2024 sekondari zimeingiza elimu ya amali, mlango upo wazi.

Bagamoyo ilijulikana duniani katika karne ya 19 kwa pembe za ndovu zilizoletwa pwani mabegani mwa wapagazi. Itakuwa heri karne hii ijulikane kwa vijana wake wanaojua kumtunza ndovu akiwa hai.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Bagamoyo, Pwani.