Mhasibu wa rahisi si lazima awe nafuu

MALI bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Walimu wengi huifundisha methali hii darasani, lakini ukifika wakati wa kumtafuta mtu wa kulishughulikia daftari lenyewe, swali lao la kwanza huwa moja tu: anatoza pesa ngapi? Si swali baya. Kosa ni kuliuliza kabla ya lile linalostahili kulitangulia: ni kazi gani tunayotaka kufanyiwa?

Aghalabu neno "mhasibu" hutumiwa kwa watu watatu tofauti: kijana anayejaza fomu za ushuru katika kibanda cha saiba, mtu anayeandika mapato na matumizi na kutoa ushauri juu yake, na mkaguzi anayechunguza iwapo hesabu zilizoandikwa ni za kweli. Kazi hizi ni mbalimbali na malipo yake hayawezi kulingana.

Chukua mwalimu asiye na pato jingine ila mshahara. Mwajiri amekwisha kumkata ushuru kila mwezi, na humpa fomu ya P9 inayoonyesha alicholipwa na alichokatwa. Linalobaki ni kuziingiza tarakimu hizo katika mtandao wa Mamlaka ya Ushuru (KRA) kabla ya Juni 30 kupita. Mtu awezaye kusahihisha insha arubaini kwa usiku mmoja hawezi kushindwa na kazi hiyo. Hata hivyo, wako wanaomkabidhi mwenye kibanda neno lao la siri, naye kwa haraka zake akaandika kwamba mteja hakupata hata senti moja mwaka mzima. Kosa likigunduliwa, sheria haimwulizi mwenye kibanda. Humwuliza mwenye jina.

Mambo hubadilika mwalimu huyo anapojenga nyumba za kupangisha. Tangu Januari 2024, anayepokea kodi ya nyumba za makazi inayozidi shilingi 288,000 lakini isiyopita milioni 15 kwa mwaka hutozwa ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi yote, bila kuondoa gharama. Lakini sheria inamruhusu kuomba, kwa maandishi, atozwe kwa utaratibu wa kawaida ambapo gharama huondolewa kwanza.

Tuseme amepokea shilingi 600,000. Kwa njia ya kwanza atalipa 45,000. Iwapo riba ya mkopo aliojengea na ukarabati zimemeza 500,000, faida yake ni 100,000. Na iwapo mshahara wake umekwisha kumfikisha kwenye kiwango cha asilimia 30, atalipa 30,000. Mhasibu aliyemwonyesha njia hiyo amemwokolea 15,000. Akimtoza 5,000, amemfaa. Akimtoza 20,000, amemtia hasara, hata kama kazi yake ni safi. Kwa hivyo, ada haipimwi kwa ada ya jirani, bali kwa kile inachomletea au kumwepushia mwenye kulipa.

Jambo zito zaidi ni vyama vya akiba na mikopo, maana huko pesa ni za wengi. Katika kikundi kimoja cha walimu ambacho nami ni mwanachama, tuliwahi kumchagua mkaguzi kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini kuliko za wenziwe wote. Alikaa nasi asubuhi moja, akatuachia kurasa tatu zenye sahihi na mhuri. Tulishangilia uwekevu wetu. Mwaka uliofuata tulitambua kwamba hakuwa amelinganisha daftari na taarifa za benki hata mara moja. Tulikuwa tumenunua mhuri, wala si ukaguzi.

Tungalimwuliza nini? Kwanza, kama jina lake limo katika orodha ya Taasisi ya Wahasibu wa Umma (ICPAK) na kama ana cheti cha mwaka huo cha kuendesha kazi. Pili, ni nani hasa atakayekuja, na kwa siku ngapi. Tatu, atachunguza hati zipi. Nne, ada inahusu nini na ni lipi litakalolipiwa kando. Majibu yote yaandikwe barua kabla ya kazi kuanza. Fauka ya hayo, anayetuandikia daftari asiwe ndiye anayelikagua. Huyo ni mtahiniwa anayejisahihishia karatasi yake mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba vyama vidogo havina uwezo wa kulipa wataalamu. Nakubali. Lakini dawa yake ni kupunguza kazi, si kupunguza ukweli: stakabadhi zikipangwa kwa tarehe na daftari likafungwa kila mwezi, mkaguzi atahitaji siku chache, na ada itashuka kwa haki.

Kiswahili chenyewe kinatuonya. "Rahisi" ni kisicho na bei kubwa, na papo hapo ni kisicho na taabu. "Nafuu" asili yake ni manufaa. Katika mkutano mkuu ujao, mwenyekiti atakapouliza nani ana bei ya chini, mwalimu mmoja na asimame aulize: kwa kazi ipi?